Neno Moja, Shuka Moja

Wasifu uliosomwa siku ya mazishi haukuwa wa mke wangu.

Alisimama kijana kutoka ofisi ya utumishi, suti nyeusi, karatasi mbili mkononi. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mtumishi mtiifu, mnyenyekevu, ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuwahi kukosa kikao. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikaa mbele, sikuitikia. Dada yangu akanigusa goti, akidhani nimezidiwa na majonzi. Majonzi yalikuwepo. Lakini wakati ule nilikuwa nimekasirika.

Baadaye nilimfuata yule kijana. Nikamuuliza, haya umeyatoa wapi?

"Kwenye faili, mzee. Mahudhurio yake ni kamili."

Sikumlaumu. Kwa miaka mingi faili lile lilijazwa na mtu aliyeona haya wakubwa wajue kwamba vikao vyake havina watu. Mke wangu alikosa vikao. Alivikosa makusudi, mchana kweupe, na barua za onyo akazipokea kwa mikono miwili. Ningekuwa msemaji ningesimama pale pale makaburini nikasema. Si msemaji. Basi naandika. Shule sikuiona, herufi alinifundisha yeye, na kama zimepinda, zimepindia mkononi mwangu.

Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa. Chini yake walikuwa wanawake kumi na wanane. Mimi nilikuwa mtu wa boila, ng'ambo ya ukuta. Boila inachemsha maji, mvuke unakwenda kwa mabomba: kwenye mashine zake za kufulia na kukaushia, kwenye pasi kubwa, na kwenye chumba ambamo nguo za upasuaji hupikwa ili vijidudu vife. Bila mimi, yeye alikuwa na maji baridi. Bila yeye, mimi nilikuwa nachemsha bure.

Walimwita Mama Pembe. Kutwa alikuwa akisema, "Shika pembe!" Maana shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likanyooka. Wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na pembe zake mbili. Wanavuta. Wanakunja, wanakutana katikati, mmoja anampa mwenzake pembe, anainama anadaka mkunjo wa chini, wanavuta tena. Mara nne, limekwisha, linawekwa juu ya rundo.

Yeye ndiye aliyeigeuza kazi hiyo ikawa kikao. Kwake, mwenye shida hakuruhusiwa kuita watu. Alikwenda kwa yule mmoja inayemhusu, akashika upande wa pili wa shuka, akasema. Ukifika mkunjo wa pili, awe amemaliza kueleza. Mikunjo miwili iliyobaki ni ya mwenzake kujibu: nani atafanya, na saa ngapi. Shuka likiwekwa, na neno limewekwa.

"Neno moja, shuka moja," ndivyo alivyosema. "Likiwa zito, shuka la pili. La tatu ni umbea."

Wageni walicheka. Lakini huwezi kumdanganya mtu ambaye mmeshika shuka moja. Akilegea unahisi mkononi. Akikasirika anavuta. Na mikono ikiwa na kazi, mdomo hautangatangi.

Mimi mwenyewe nilinaswa hivyo hivyo. Nilikuwa mgeni kazini, nikaenda kulalamika. Madobi walikuwa wanafungua mashine zote kwa mpigo, presha yangu inaanguka kama mlevi. Nilikuwa nimejipanga kugomba. Hakunipa nafasi, alinirushia pembe mbili.

"Sema, kaka."

Nikasema. Kufika mkunjo wa pili nilikuwa nimekwisha, na hasira sijui ilipotelea wapi. Akajibu kwamba kuanzia kesho atafungua mashine tatu, asubiri kidogo, kisha tatu nyingine. Akaweka shuka. Nikabaki nimesimama.

"Una lingine?"

"Ninalo."

Katika shuka la pili nilimuuliza kama ameolewa. Hajaolewa. La tatu nililiomba.

"La tatu ni umbea," akasema. Lakini pembe alishika.

Mashuka ya nyumbani sasa nayakunja peke yangu. Pembe mbili nazibana kwa kidevu. Yanatoka kama mzigo wa kuni. Tuendelee.

Katika mwaka wake wa ishirini na tano kazini tuliletewa msimamizi mpya. Kijana safi, mwenye adabu, anayesalimia hadi wafagizi. Alikuja na ubao mweupe na kalamu za rangi tatu. Wiki haikuisha wanawake wakawa wamempa jina: Bwana Ajenda.

Bwana Ajenda alisema idara haiwezi kwenda kwa kupeana pembe. Inataka mawasiliano. Kuanzia siku ile kila asubuhi saa mbili, kikao, chumba cha juu, madobi wote, na kila mtu asaini mahudhurio. Hata mkunjaji wa mwisho. Alisema ni kwa ajili ya ushirikishwaji.

Kwanza kufungua kikao. Kisha kuthibitisha ajenda. Kisha kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, ambacho kilikuwa jana. Kisha yatokanayo. Kisha taarifa. Kisha mengineyo, na mengineyo ilikuwa na watoto na wajukuu. Kisha kufunga, na kufunga kulikuwa na hotuba. Wakiwahi sana, walishuka saa tatu na robo.

Sasa, nguo iliyofuliwa haijui ajenda. Ikikaa imelowa ndani ya mashine saa nzima, na joto la chumba kile, inavunda. Wakishuka wanafungua mlango, harufu inawapiga usoni. Wanafua upya. Kwa hiyo kikao cha saa moja kilikula saa mbili na nusu. Siku moja walikaa dakika arobaini kujadili kwa nini mashuka yanachelewa. Mashuka yakachelewa. Kesho yake hilo nalo likaingia kwenye yatokanayo.

Upande wangu kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mashine zikisimama, mvuke hauna pa kwenda. Presha inapanda. Juu ya boila kuna valvu: presha ikizidi inafunguka yenyewe, mvuke unatoka nje kwa mluzi wa kuziba masikio. Basi kila siku, dakika kumi kabla ya saa mbili, nilikuwa napunguza moto. Kikao kikiisha nauongeza, tunasubiri tena mpaka maji yapate nguvu. Niliona ni ustaarabu, kutowapigia wakubwa mluzi kichwani.

Jumatano moja mke wangu alishuka kutoka kikaoni, katika korido akakutana na kitanda cha magurudumu kinarudi. Juu yake mama mmoja wa makamo, amevaa gauni la upasuaji, kofia ya karatasi kichwani. Msukumaji akasema nguo za kijani za kutandika mezani hazikufika, upasuaji umeahirishwa mpaka kesho.

Yule mama akamtazama mke wangu, akaona aproni ya dobi.

"Wewe ndiye wa nguo?"

"Ndiye mimi."

"Sijala tangu jana mchana. Bado hazijakauka?"

"Zingekuwa zimekauka. Nilikuwa kikaoni."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Hakumtukana. Alivuta kofia ile ya karatasi, akasema taratibu, "Haya. Poleni na kikao."

Wakamsukuma wakaenda.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la yule mama lilikuwa tupu. Mke wangu jioni ile hakula. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema, "Ameniambia pole. Yeye! Aniambie pole mimi!" Akarudisha sahani jikoni.

Kesho yake saa mbili ilipofika, wenzake walipanda, yeye hakupanda. Alibaki chini, anatoa nguo za kijani kwenye mashine moja baada ya nyingine. Nilimwona kupitia tundu la bomba ukutani. Dakika kumi baadaye Bwana Ajenda alishuka, kalamu ya bluu mkononi, na nyuma yake wanawake kumi na wanane wamejaa ngazini kutazama.

"Mama, tunakusubiri wewe tu."

"Mnanisubiri nifanye nini?"

"Tufungue kikao."

"Kwani kimefungwa? Ufunguo nimekaa nao mimi?"

Ngazini wakacheka. Kijana akashusha sauti. "Mama yangu, nakuheshimu. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mwanangu, na mimi nakuheshimu. Una neno? Shika pembe."

"Siwezi kuendesha kikao na shuka mkononi."

"Na mimi siwezi kufua kwa kalamu ya bluu. Tumelingana."

Alipanda akipenya katikati yao. Barua ya kwanza ilikuja Ijumaa. Ya pili baada ya wiki tatu. Mke wangu alizipokea, akasema ahsante, akazitia chini ya mguu wa meza ya pasi uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

Ya tatu haikuwa ya kuchezea. Vikao arobaini na kimoja vilikuwa vimempita. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na pamoja na barua kulikuwa na karatasi ya kusaini. Niliisoma mwenyewe, kwa kidole. Ilisema: nakiri kwamba kwa uzembe wangu nguo za upasuaji zilichelewa siku fulani, mgonjwa akarudishwa, naahidi kuhudhuria vikao vyote. Akisaini, yameisha, abaki na cheo chake. Asiposaini, kamati itaamua, na kufukuzwa kumo.

Nitasema na langu, maana lipo. Nilimwambia asaini.

"Kaa tu mle ndani, mama. Unakaa, unanyamaza, unatoka. Wengine wanalala mle."

"Nikisaini nimekubali kwamba yule mama alirudishwa kwa ajili yangu."

"Ni karatasi tu."

"Kwako kila kitu ni karatasi tu. Mzee, hebu niambie. Kila siku kabla ya saa mbili unapunguza moto. Kwa nini?"

Sikujua kwamba anajua. "Valvu isipige kelele."

"Eh. Watu wasisikie."

Akasimama akaenda kuosha vyombo. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuninyooshea hata kidole. Siku ile alinipiga, tena pale panapouma.

Siku ya kamati iliwekwa Jumatatu saa mbili, wakisema hiyo ndiyo saa ya kikao siku zote. Na kwa kuwa kanuni inataka mashahidi, madobi wote kumi na wanane waliitwa. Nami niliitwa, jirani wa kazi. Kwa hiyo asubuhi ile, ili wachunguze kwa nini nguo zinachelewa, walisimamisha chumba kizima cha kufulia.

Nilimwachia boila mwenzangu wa zamu.

"Maji uyaangalie. Moto usiuguse."

"Valvu itafunguka, mzee."

"Ndiyo kazi yake."

Chumba cha juu kiko juu ya paa langu. Meza ndefu, wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa Mganga Mkuu mwenyewe, mpasuaji, mtu mfupi wa maneno machache. Kando yake Katibu na marundo ya karatasi, kisha Bwana Ajenda. Sisi tulipangwa viti vya ukutani.

Mke wangu aliingia wa mwisho, na kikapu. Ndani ya kikapu nguo za kijani za upasuaji, zimekauka, bado zina joto. Akakaa karibu na msaidizi wake, mwanamke mrefu waliyemwita Mlingoti. Akatoa nguo, akampa pembe. Wakaanza.

Katibu akakohoa. "Itifaki imezingatiwa. Akidi imetimia. Ajenda ya kwanza, kufungua..."

"Samahani, Mwenyekiti," Bwana Ajenda akanyoosha mkono. "Mtuhumiwa anafanya kazi."

Mjumbe mmoja wa upande wa dawa akacheka puani, akajifanya anapenga.

"Mama," Mganga Mkuu akasema, "hebu weka chini hiyo nguo."

"Mganga, hii ni yako. Una mgonjwa saa tano."

Mganga Mkuu akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama kikapu. "Endelea, Katibu."

"Na yeye?" akauliza Bwana Ajenda.

"Nimesema endelea."

Katibu akasoma barua ya kwanza, yote, na nambari yake ya kumbukumbu. Akasoma ya pili. Akasoma kanuni. Nusu saa ikapita, zaidi. Mlingoti na mke wangu walikuwa wamefika nusu ya kikapu. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Mtu aliyekaa na boila maisha yake yote anaijua presha bila kuiona. Naihisi miguuni, sakafuni.

Kioo cha dirisha kilianza kutetemeka kwanza. Kisha mfoko mdogo, kama sufuria inayotaka kufurika. Kisha valvu ikafunguka.

Aliye mbali angedhani treni imeingia hospitali. Mvuke mweupe ulipita dirishani kama ukuta. Katibu aliendelea kufungua na kufunga mdomo, hakuna kilichosikika. Bwana Ajenda aliziba masikio. Mganga Mkuu akainuka, akapiga kelele, "Nini hiyo?"

Nikasimama.

"Mvuke, Mganga!"

"Kuna hatari?"

"Hatari ingekuwa kama usingetoka!"

"Unatoka kwa nini?"

"Wenye kuutumia wote wako humu!"

Alinitazama. Nilisubiri aniambie nikae. Aliniita karibu, nikaenda mpaka mezani, ili tusipigiane kelele.

"Hutokea mara nyingi?"

"Ungetokea kila siku, saa hizi. Huwa napunguza moto. Leo sikupunguza."

"Kwa nini leo?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakunja, wala hakuniangalia.

"Nimechoka kuwafichia," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu marefu kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya wakubwa. Nikarudi kitini.

Mluzi ulikuwa bado, lakini sikio huzoea. Mganga Mkuu akamgeukia mke wangu. "Mama, una la kusema?"

"Ninalo. Litaisha na nguo hii."

Akampa Mlingoti pembe. Wakavuta.

"Kabla ya vikao, nguo zenu zilikuwa zinatoka kwangu saa nne kasoro. Vilipoanza vikao, saa sita, wakati mwingine saba. Tangu niache kupanda, saa nne tena. Msiniulize mimi, daftari liko huko kwenu upasuaji."

Wakakutana katikati. Akainama, akadaka mkunjo.

"Mnasema yule mama alirudishwa kwa uzembe wangu, sikuhudhuria. Tazameni mahudhurio ya siku ile. Sahihi yangu ipo. Nilikuwa nimekaa kiti kile pale, tunasoma muhtasari wa jana. Siku niliyowatii ndiyo siku mgonjwa alilala na njaa."

Katibu akaanza kupekua. Aliifikia karatasi ile, akaitazama, akaisogeza mbele ya Mganga Mkuu. Bwana Ajenda naye alichungulia.

"Karatasi yenu sisaini," mke wangu akamalizia, akaweka nguo juu ya rundo. "Nimekwisha."

Kisha akainua kikapu kichwani. "Nyingine ziko mashineni zinavunda. Mkifika kwenye mengineyo, niiteni."

Akatoka.

Mlingoti alitazama kulia, akatazama kushoto, akainuka. Urefu ule ukiinuka kila mtu anaona. Wa pili akainuka. Kisha viti vyote vya ukutani vikalia kwa mpigo.

"Jamani! Hatujafunga kikao!" Bwana Ajenda akaita.

"Utatufungia, mwanangu," akajibu mmoja kutoka mlangoni. "Ukimaliza uzime na taa."

Tukabaki mimi na wajumbe. Hawakuniambia niondoke, na mimi sikujua kama nimeruhusiwa. Dakika tano hivi. Ndipo nikahisi miguuni, kabla yao. Chini walikuwa wamefungua mashine tatu. Wakasubiri kidogo, tatu nyingine. Mluzi ukapungua. Ukawa mfoko. Ukakatika. Chumba kikawa kimya hata ukasikia kalamu ya Katibu inaviringika mezani.

Hapo hakuhitajika shahidi.

Mngependa kusikia kwamba alishinda. Hao waliokuwa kwenye kamati waliendelea kukaa mpaka saa tano kasoro. Kumfukuza walishindwa, Mganga Mkuu alikataa kusaini, alisema hatamfukuza mtu kwa kosa ambalo mahudhurio yanalikana. Lakini hawakuweza kumwachia hivi hivi, kwa jinsi alivyotoka. Walimvua cheo kwa kukosa nidhamu kwa kamati. Akawa mkunjaji wa kawaida, kama aliyeajiriwa jana. Mlingoti akapewa ukuu.

Mlingoti alikuja nyumbani kwetu jioni, analia. "Dada, sikuuomba. Wallahi sikuuomba."

"Najua. Kesho uwahi. Na usianze kunililia kazini, utalowesha nguo kavu."

"Nifanye nini sasa, dada?"

"Kile kile. Una kichwa, una mikono. Shemeji yako huyu akileta mvuke mdogo mfokee, mimi sina cheo tena."

Walicheka wote wawili, mimi ndiye nikabaki nimenuna.

Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa kwenye meza ya kukunja, pembeni kabisa, pahali pa anayeanza kazi. Saa mbili ikafika. Kengele ya kikao ikalia juu. Hakuna aliyepanda. Hawakugoma, hakuna aliyetamka neno hilo. Walikuwa na mashuka mikononi tu. Kesho yake vivyo hivyo. Bwana Ajenda hakujua amwandikie nani barua, maana mtu mmoja utamwandikia, wanawake kumi na tisa utawaandikia mpaka wino uishe.

Siku ya tatu alishuka. Hakuwa na kalamu. Akamwendea Mlingoti, mkuu mpya.

"Mama, nilikuwa na neno."

Mlingoti alimpa pembe.

Alizishika. Alizishika kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Alipovuta alivuta upande, alipokunja alikunja kinyume, wanawake wakatazama chini wasimcheke usoni.

"Nilitaka tu kujua," akasema, "nguo za upasuaji leo zitatoka saa ngapi."

"Saa nne kasoro."

"Basi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu." Shuka lilikuwa limefika mkunjo wa pili. Alisimama nalo, hajui la kusema kwenye mikunjo iliyobaki. Mke wangu, kutoka kule pembeni, akasema kwa sauti, "Umalizie kukunja, mwanangu. Neno limeisha, shuka bado."

Akalimaliza.

Huko juu aliendelea kuandika kwamba kikao kimefanyika na wote wamehudhuria, na vile arobaini na kimoja vya nyuma navyo akavijazia. Hatukumuumbua. Saa zetu zilikuwa zimerudi, yeye abaki na karatasi zake. Moto wangu sikuupunguza tena hata siku moja, na valvu haikupiga mluzi tena.

Mke wangu alikaa mkunjaji miaka sita, mpaka kustaafu. Watu walimwonea huruma, yeye aliikataa. Mgongo ulimuuma, kusimama kutwa si mchezo kwa mtu wa umri ule. Usiku nilimkanda. Sikumuuliza kama anajuta. Nilijua jibu, na nilijua atakavyolisema.

Mwaka wa pili wa ukunjaji wake, Mganga Mkuu alishuka kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwepo, nilikwenda kutazama bomba. Mlingoti alikuwa anahamishwa, ukuu ulikuwa wazi. Mganga alikuwa na ile karatasi. Ile ile, imekaa kwenye faili mwaka mzima na zaidi.

"Mama, nataka urudi kwenye nafasi yako."

"Nitarudi."

"Ila utumishi wanasema faili lifungwe kwanza. Wanataka sahihi hapa. Vikaoni hakuna atakayekulazimisha kwenda, hilo naahidi mimi. Ni sahihi tu."

Mke wangu alifuta mikono kwenye aproni. Aliichukua karatasi, akaisoma tena kuanzia juu, neno kwa neno, kana kwamba huenda imetubu.

"Bado inasema uzembe wangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Kuibadilisha itabidi kamati ikae."

"Yule mama alipona?"

Mganga akafikiri. "Alipona. Nilimpasua kesho yake."

"Nashukuru. Sasa, Mganga, siku ile aliniambia pole. Leo nikisaini hapa, hata ile pole yake nitakuwa nimeila bure." Akamrudishia. "Kaeni kamati. Mkimaliza mtanikuta hapa."

"Itachukua muda, mama."

"Mnao."

Mashine zilikuwa zinazunguka, hakuna aliyeinua uso. Mganga Mkuu akaikunja ile karatasi mara mbili ili aitie mfukoni. Aliikunja vibaya, pembe hazikukutana. Mke wangu aliona. Hakumsaidia.